Mstari Uliofuata Wangu

Mwanaume akianza ghafla kukubebea ndoo, usimshukuru. Muulize kwanza.

Mimi sikuuliza. Nilijiona nimependwa. Mume wangu, ambaye tangu tuoane alikuwa akiipita ndoo ya maji uani kana kwamba ni mali ya jirani, alianza kunipokea mlangoni. Akaanza kuosha vyombo, tena bila kuvunja. Mtungi wa gesi ulipoisha, nikainama niusogeze, alinipigia kelele utadhani nimeshika nyoka. "Acha! Wewe kaa. Kaa tu." Mezani alikuwa ananitazama ninavyokula, halafu anatabasamu peke yake. Asubuhi moja nilimsikia akipiga mluzi bafuni, na mume wangu si mtu wa mluzi.

Nilimsimulia wifi yangu, dada yake mkubwa, kwa maringo. Wifi alicheka. "Huyo mdogo wangu ninayemjua mimi?" akasema. "Mpime homa."

Sasa nieleze kazi yake, maana balaa lote lilitoka huko. Ni mtu wa kompyuta katika hospitali ile ile ambayo nami nina kadi. Yeye ndiye anayetunza hifadhidata, yaani kumbukumbu zote za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta. Wakati huo alikuwa ametoka kukamilisha kitu alichokionea fahari kuliko harusi yetu: mfumo wa kuwatumia akina mama wote wenye kadi ujumbe wa simu kila wiki, kila mmoja maneno ya kliniki yake. Zamani msichana wa mapokezi aliwapigia mmoja mmoja mpaka sauti inamkauka. Mume wangu akaandika utaratibu, akaupa jina, akauhifadhi ndani ya hifadhidata ukae humo tayari kuitwa. Kisha akaiagiza kompyuta itoe orodha ya akina mama kwa kufuata namba za kadi, na kwa kila mstari wa orodha, yaani kwa kila mama, itafute namba yake ya simu na kuuita ule utaratibu: tazama kliniki yake, chagua maneno, tuma. Ikimaliza mstari mmoja inashuka kwenye unaofuata, mpaka wa mwisho.

Alinieleza yote hayo mezani akipanga punje za maharage ukingoni mwa sahani, hadi chakula kikapoa.

"Haichanganyi watu," alisema. "Kila mtu na mstari wake. Inamshughulikia kana kwamba yuko peke yake duniani."

Niliuonea wivu ule utaratibu. Msicheke. Ndivyo nilivyoumbwa, hata mashine naionea wivu. Nilikuwa najiuliza ni lini yeye mwenyewe atanishughulikia kana kwamba niko peke yangu duniani. Halafu akaanza kubeba ndoo, nikasema kumbe siku zangu zimefika.

Jumapili asubuhi alikuwa anaoga. Simu yake ilikuwa juu ya kitanda. Simu ya mume wangu haina nywila, na siku zote nilihesabu huo kuwa uaminifu. Niliichukua bila nia mbaya yoyote. Nilitaka kuona ujumbe wangu wa kliniki, kwa sababu ujumbe wangu huenda kwake. Siku tuliyokwenda kunikatia kadi simu yangu ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, nikaandikisha namba ya mume wangu. Tangu hapo sijaibadilisha.

Kadi yenyewe ni ya kliniki ya watu wanaotafuta mtoto. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto. Nasema tunatafuta, lakini anayechomwa sindano ni mmoja.

Nikaufungua ujumbe wa hospitali. Wangu ulikuwa pale, mkavu: "Mpendwa mama, kumbuka kumeza dawa zako kila siku kama ulivyoelekezwa." Chini yake ulikuwepo mwingine, umeingia wakati ule ule.

"Hongera mama mjamzito. Kliniki yako ya wiki hii imehamishwa kutoka Alhamisi kwenda Jumanne. Tafadhali njoo na mwenzi wako."

Nitasema ukweli. Kwa pumzi moja, kabla akili haijaamka, nilifurahi. Nilishika tumbo langu kwa mkono uliokuwa mtupu. Kisha nikakumbuka kwamba wiki iliyopita tu nilikuwa nimeingia mwezini, tena kwa maumivu ya kunitoa machozi, niliyoyaficha peke yangu. Mimi si mama mjamzito. Mama mjamzito ni mtu mwingine, na namba yake ya simu ni ya mume wangu.

Nikapandisha juu. Wiki iliyotangulia, ile ya kwanza tangu mfumo uanze, hivyo hivyo: wangu wa dawa, na chini yake wa yule. "Hongera mama mjamzito. Kula mboga za majani, pumzika vya kutosha, usibebe vitu vizito." Ujumbe huo ulikuwa umeshafunguliwa. Umesomwa, na haukufutwa.

Usibebe vitu vizito. Kumbe huko ndiko alikojifunzia huruma! Amejifunza kwa mwingine, halafu anakuja kufanya mazoezi kwangu. Na mimi nilikuwa nikitamba mbele ya wifi.

Mwisho wa kila ujumbe huwa pana namba ya kadi. Yangu naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Ya yule ndiyo iliyofuata yangu. Iliyofuata hasa, hakuna mtu katikati. Basi nikaiona siku ile yote upya. Mume wangu alinileta mpaka kwenye foleni, akaniacha kwenye benchi, akasema anapanda ofisini kwake mara moja. Ofisini! Alikwenda kumleta mwenzangu. Nilipoandikishwa tu, akamwingiza nyuma yangu, akampa na namba yake ya simu. Na sasa kila wiki ujumbe wa yule unakaa chini ya wangu kama bi mdogo.

Mume wangu akatoka bafuni na taulo, anapiga mluzi.

"Nani huyu?" nikamwuliza, na simu nikamsogezea mpaka puani.

Alisoma. Kwanza alikuwa na lile tabasamu lake la siku zile, la kuelekea kwangu, kama mtu anayesubiri kuambiwa kitu. Halafu kidole chake kikashuka hadi kwenye namba ya kadi. Kikasimama hapo. Nilimwona kwa macho yangu uso ukimwanguka.

"Hii si kadi yako," akasema taratibu.

"Najua si yangu! Ndiyo maana nakuuliza ni ya nani!"

Akakaa kitandani na maji yake, godoro likalowa. Mtu asiye na kosa anapiga kelele, anaapa, anaita majirani. Huyu alikaa kimya kama amefiwa. Nikajua nimemshika.

"Ni nani, nakuuliza? Ana umri gani? Ananizidi nini? Ah, ninachozidiwa nimeshakiona, kimeandikwa hapa. Hongera mama mjamzito!"

"Ngoja," akasema. "Ngoja nitazame."

Akaenda kwenye kompyuta yake, na taulo vile vile. Mume wangu akibanwa hukimbilia kule, kama wenzake wanavyokimbilia kwa mama zao. Nikasimama nyuma yake. Akaandika, akafuta, akaandika.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Naagiza kazi yote ifanyike kwa kadi hii peke yake. Hakuna mwingine."

Akabonyeza. Yakatokea maneno: hakuna namba ya simu, ujumbe haukutumwa.

"Umeona? Huyu mama hana simu kabisa. Hakuna namba yangu wala ya mtu mwingine. Mfumo haukumtumia mtu."

"Kwa hiyo aliyekutumia wewe huu ni shetani?"

"Sijui. Ninachojua, mfumo haukosei."

"Kama mfumo haukosei, basi umekosea wewe!"

Alirudia tena kuagiza, jibu likawa lile lile. Na hapo ndipo damu iliponichemka kweli kweli, kwa sababu nilielewa alichokifanya. Mwenye hifadhidata ni nani? Ni yeye. Anayeweza kuandika namba na kuifuta ni nani? Ni yeye. Amekaa mbele yangu, na taulo kiunoni, amefuta namba yake kwenye kadi ya hawara yake huku nikimtazama vidole, halafu ananiambia tazama mwenyewe!

Nilimfungia virago. Nilimwekea mashati, na soksi nikazisahau makusudi. Akaenda kwa dada yake akiwa amevaa fulana ndani nje. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema jambo, akanitazama usoni, akatazama chini, akaondoka. Nikaihesabu hiyo nayo.

Kesho yake wifi alikuja. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nashona pazia la mteja na kulipinda upande usio wake.

"Wifi, mtu wako yuko kwangu," akasema. "Hali, halali, anaandika tu kwenye ile kompyuta. Nimemwuliza kuna nini, ananiambia 'haiwezekani, haiwezekani.' Mna nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kandambili, akaketi sakafuni.

"Mimi mdogo wangu simtetei," akasema. "Ni mbishi na ni mzembe. Lakini mwanamke wa pili? Yule? Wa kwanza tu tulimtafutia sisi."

"Basi wa pili kajitafutia mwenyewe. Kesho Jumanne nakwenda kumwona."

"Kumwona ufanye nini?"

"Kumpa vidonge vyake."

"Ana mimba, wifi."

"Nitampa taratibu."

"Nakuja na wewe," akasema. "Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya huyo mwenye mimba."

Jumanne tulikuwa wa kwanza kufika. Ukumbi wa kliniki ya wajawazito una mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu, na feni moja inayozunguka ikilalamika. Nilivaa gauni langu la kwenda kwenye shughuli za watu, nikapaka na wanja, maana mwenzangu nisingependa anikute kama nimetoka jikoni. Waliingia mmoja mmoja, matumbo mbele, na kila aliyeingia nilimpima. Huyu mzuri mno, yule mzee mno. Huyu ana kicheko cha kihuni, atakuwa ndiye. Nesi alikuwa akiita kwa namba za kadi. Ikaitwa ile. Nikasimama nusu. Ikaitwa tena, na tena, kwa hasira. Hakuna aliyejibu.

"Watu hawa!" nesi akafoka. "Tunawatumia ujumbe, hawasomi!"

"Amemwonya," nikamnong'oneza wifi. "Umeona? Amempigia akamwambia asije."

"Au hayupo."

"Atakuja Alhamisi, siku yake ya zamani. Anadhani nitakuwa nimechoka."

Sikuchoka. Siku zile mbili nililala na yule mwanamke ndani ya kichwa changu. Nilimjua sauti, nilimjua marashi. Nilimwona akimwambia mume wangu "ndoo hii nzito," na mume wangu akiichukua. Kila kitu kizuri nilichofanyiwa katika wiki zile nilikirudisha kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ni yeye. Hata lile tabasamu la mezani. Nilikuwa nikila, kumbe mume wangu ananitazama mimi anamwona mwingine.

Alhamisi ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Tulikaa, wifi anasinzia, mimi macho kodo. Mara pakaja mwanamke anatembea kwa miguu iliyovimba, pekupeku, na nyuma yake mwanaume mfupi amembebea kandambili za kijani mkononi, anazishika kwa adabu kama anashika sahani za wageni. Yule mwanamke akatoa kadi dirishani.

"Dada, siku yako ilikuwa juzi," nesi akamwambia. "Ulitumiwa ujumbe. Nimekuita mpaka koo likauma."

Akataja na namba ya kadi. Ilikuwa ile.

"Ujumbe gani, nesi?" akajibu mwanamke. "Mimi simu sina. Niliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba simu sina, yule binti wa mapokezi akaacha pale pa namba wazi. Nimetembea kutoka kule hadi hapa na miguu hii, unanirudisha?"

Nilikuwa nimeshasimama. Maneno yangu yote nilikuwa nimeyapanga, la kwanza mpaka la mwisho, na la mwisho lilikuwa baya sana. Nikamsogelea. Akageuka kunitazama. Uso wake ukafunguka wote.

"Eh! Dada wa bega!" akasema.

Nikarudi hatua moja.

"Umenisahau? Siku ya kukata kadi, nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Nilikuwa na usingizi, na kichefuchefu, nikakulalia begani mpaka ukaitwa. Ulikaa hivyo hivyo, hukujitikisa." Akamgeukia yule mwanaume mfupi. "Baba, ndiye yule dada niliyekuambia."

"Ahsante sana, shemeji," mwanaume akaniambia, na kandambili mkononi.

Nilimkumbuka. Nilikumbuka uzito wa kichwa chake, na jinsi alivyonilowesha gauni kwa mate. Nilikumbuka nilivyofikiri: huyu amechoka na nini asubuhi yote hii? Sasa jibu lilikuwa mbele yangu, la duara, limevuta vifungo vya shati la mumewe alilovaa.

Akashusha macho kwenye tumbo langu, bila ubaya wowote.

"Na wewe je, mambo yamekubali?"

"Bado," nikasema.

"Yatakubali," akasema haraka, na mkono wake ukaenda wenyewe kufunika tumbo lake, kama mtu anayeficha chakula mbele ya mwenye njaa. Nilitamani anitukane kuliko vile.

Wifi alikuwa ameshaamka. Alitazama kandambili, akatazama mwanaume mfupi, akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Nampigia mtu wako ashuke, au unampigia mwenyewe?"

Nilimpigia mwenyewe. Nilimwambia: "Shuka kliniki ya wajawazito. Njoo na hiyo kompyuta yako." Nikakata.

Alishuka mbio, hajanyoa, na kweli soksi hana. Alipotuona tumesimama pamoja, mimi na yule mwanamke, alisita mlangoni. Nesi ndiye aliyeanza kumshambulia.

"Mfumo wako huu! Huyu mama hana simu na unasema ametumiwa ujumbe!"

"Hajatumiwa," mume wangu akasema. "Nimejaribu kadi yake tangu Jumapili. Kila nikiijaribu inasema hana simu. Inafanya sawasawa."

"Ujumbe wake ulikuja kwako," nikasema. "Na huyu simjui mimi wala humjui wewe. Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, basi. Kadi yake inafuata yangu."

"Nyuma yako," akarudia mume wangu.

Akakaa kwenye benchi palipo wazi, akafungua kompyuta juu ya magoti. Sikumwuliza kitu. Nilimwona anachukua kadi yangu na ya yule, zote mbili, yangu kwanza, anaziweka mistari miwili ya orodha moja, kisha anaagiza kazi ifanyike kwa kila mstari. Akabonyeza.

Simu ikalia mfukoni mwake. Ikalia tena.

Hakuitoa. Alifunika uso kwa viganja.

"Kopo," akasema ndani ya viganja. "Kopo sikulimwaga."

Nesi akaniuliza kwa macho kama mume wangu ni mzima. Ikabidi atueleze. Akasema kompyuta ina kikopo ambamo inaweka namba ya simu ya kila mama. Inafika kwenye mstari, inakwenda kutafuta namba, inaitia kwenye kopo, kisha inaukabidhi utaratibu lile kopo utume. Mstari unaofuata, kopo ni lile lile. Kama mama ana simu, namba yake inaingia na ya zamani inatoka. Kama hana, hakuna kinachoingia. Yeye alidhani hapo kopo linakuwa tupu. Halikuwa tupu. Lilikuwa na namba ya aliyetangulia, nayo ilikuwa namba yake yeye, iliyotoka kwenye mstari wangu. Akijaribu kadi ya yule peke yake, kopo linaanza likiwa safi, kwa hiyo kosa halionekani. Mpaka wawe wawili, mmoja nyuma ya mwingine.

"Kwa hiyo kila asiye na simu," nesi akasema polepole, "ujumbe wake umekwenda kwa wa mbele yake?"

"Ndiyo."

"Na wale wote niliowafokea?"

"Mfumo wangu umekosea," mume wangu akasema. Alisema kwa sauti, mbele ya watu. Sijawahi kumsikia akiyasema maneno hayo, na Jumapili ningeyapata ningeyabusu. Nesi akamshika yule mwanamke mkono akampeleka ndani, siku iwe yake isiwe yake. Mwanaume mfupi akabaki amesimama na kandambili.

Wifi akasema anakwenda kununua maji ya kunywa, na akaondoka bila hata kiu. Tukabaki mimi na mume wangu kwenye benchi.

Mngedhani nilitulia. Mtu wa kawaida angetulia. Lakini mimi nilikuwa na swali bado limekaa kooni.

"Ule ujumbe wa kwanza uliusoma," nikamwambia. "Wiki nzima kabla sijauona. Umekuja 'hongera mama mjamzito' kwenye simu yako, ukausoma, hukuniambia, hukuufuta. Kwa nini ulinyamaza?"

Aliifunga kompyuta. Akaifungua. Akaifunga tena.

"Nilidhani ni wako," akasema.

Sikuelewa.

"Ulikuja chini ya ule wa dawa. Namba ya kadi sikuitazama, nani anatazama namba ya kadi? Nikasema wamemhamisha kliniki. Nikasema ameshapima, anajua, ananificha anishangaze." Alikuwa anaongea na magoti yake. "Nikasema nisimharibie. Nitasubiri aniambie mwenyewe."

Usibebe vitu vizito. Nikaiona ndoo, nikauona mtungi wa gesi. Nikamwona mezani ananitazama ninavyokula.

"Jumapili ulivyonipa ile simu," akasema, "nilidhani ndiyo unaniambia."

"Na ulipoona si kadi yangu?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilidhani una mimba? Wewe? Nikaona afadhali unidhanie nina mwanamke mwingine."

Kandambili za kijani zilikuwa zimewekwa chini ya benchi lililotukabili, zimepangwa vizuri, pua zikielekea mlango wa daktari.

Watu wanaposikia kisa hiki hucheka, husema kumbe ulimwonea wivu kopo. Hapana. Mimi sikukosea sana. Wiki mbili zile mume wangu alipiga mluzi bafuni kwa ajili ya tumbo la mwanamke mwingine. Hakumjua, hakumgusa, lakini furaha ile ilikuwa ya kwake yule, ililetwa kwetu kwa makosa, na imebidi irudishwe. Ningekuwa nimemfumania kweli ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningevunja sahani. Hili nivunje nini?

Jioni alirudi nyumbani na mfuko wake wa mashati. Aliniambia ameshaurekebisha mfumo: ameongeza mstari mmoja mdogo unaomwaga kopo kabla ya kila mama, awe na simu au asiwe nayo. Kuanzia sasa utakuwa unaingia ujumbe wangu tu, ule wa dawa.

"Vizuri," nikasema.

Nikatoka uani, nikafungua bomba, nikajaza ndoo mpaka juu. Nilipoinama kuishika nikakuta mkono wake umetangulia.

"Lete," akasema.

"Sina mimba."

"Najua. Lete."

Nikampa. Akatangulia nayo, maji yakimlowesha suruali, na mimi nikafuata nyuma. Na njia yote hiyo, kutoka bombani hadi jikoni, nilikuwa nautazama ule mkono wake ulioshika ndoo, nikijiuliza kama ananibebea mimi, au bado anambebea yule.